Staa, Subaru na Fundi Aliyetukanwa: Nilikuwepo Siku Injini Inafunguliwa

Wadau, wiki tatu sasa inboksi yangu haina amani. Kila mtu anauliza kitu kimoja: ile ndinga ya bluu ya yule staa, ile iliyobebwa na bredauni usiku huku mwenyewe yuko laivu anamporomoshea fundi matusi, ni kweli fundi ndiye kaiua? Wengine wala hamuulizi, mmeshahukumu. Nimesoma "mafundi wa Bongo wote matapeli." Nimesoma "akamatwe." Kuna mmoja kaandika gereji ichomwe moto, na watu wakamwekea vicheko.

Jina la staa sitaji, la fundi pia sitaji. Wanaojua wanajua, na usiyejua hupungukiwi na kitu. Ila yule fundi ni jirani yangu. Ukuta wa gereji yake ndio ukuta wa chumba ninachoandikia haya, na kwa miaka miwili nimelala na kuamka na mlio wa Subaru. Siku injini inafunguliwa nilikuwepo, ndiye niliyeshika tochi ya simu. Kwa hiyo hii si ya kuambiwa.

Tuanze na gari lenyewe, maana kuna watu wanasema "Subaru" kama vile zote ni moja. Ile ni Impreza WRX STI ya miaka ya 2000 mwanzoni, mtumba kutoka Japani. Ndani ina injini ya EJ20, sentimita za ujazo 1,994, yaani lita 2 kasoro kidogo, silinda 4 zimelala ubavu, mbili kulia mbili kushoto. Ilitoka kiwandani na nguvu farasi 280. Hiyo 280 nayo ina stori yake: watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana kimyakimya kwamba gari la kuuzwa kwao lisitangazwe kuvuka hapo, na makubaliano yakaja kuachwa mwaka 2004. Sasa linganisha na IST ya 1.3 unayoijua, ambayo haifiki hata farasi 90. Yaani staa alinunua gari lenye nguvu ya IST tatu ndani ya lita 2, halafu akasema halitoshi.

Na simlaumu kwa kulipenda. Sisi watu wa ukanda huu Subaru imetuingia damuni tangu Safari Rally ya Kenya, Impreza ilipolibeba kombe 1997 na tena 2000. Baba zetu walisikia redioni, sisi tumekuta video.

Alikuja gerejini mchana, na chawa wake watatu, mmoja kazi yake kushika simu tu. Nilisikia kila kitu maana wanaongea kama wako jukwaani.

"Fundi, mi nataka 400."

"Bosi wangu, 400 ya kuandika au ya kuendesha?"

Wakacheka. Fundi hakucheka. Akamuuliza anaweka mafuta wapi, anakaa foleni kiasi gani kwa siku, mara ya mwisho kumwaga oili lini. Chawa mmoja akaanza kupiga miayo. Mtu kaja kutafuta nguvu, anaulizwa habari za foleni!

Lakini maswali yale ndiyo kazi yenyewe. Injini inapata nguvu kwa kuchoma petroli, na petroli haiungui bila hewa. Turbo kazi yake ni kuisukuma hewa kwa nguvu ili iingie nyingi kuliko ile ambayo injini ingevuta yenyewe. Dar tuko usawa wa bahari, hewa ya nje ina presha ya bar 1 hivi. Ukiambiwa gari linasukuma busti ya bar 1, maana yake ndani ya bomba kuna 2, kama mara mbili ya hewa ya kawaida. Hewa ikibanwa inapata joto, kama umewahi kujaza baiskeli kwa pampu ya mkono unajua ile pampu inavyochemka chini. Ndiyo maana Subaru ile ina mdomo juu ya boneti. Ule mdomo si urembo. Unaingiza upepo kwenye kipoozeo kilichokaa juu ya injini, ambacho mafundi wanakiita intakula (na kweli, ukiipuuza itakula hela yako). Ukikaa foleni ya saa nzima kwa jua la Dar, hakuna upepo unaoingia mdomoni, kile kipoozeo kinageuka pasi. Ukitoka hapo ukakanyaga mpaka chini, umeilisha injini hewa ya moto.

Hapa kuna neno inabidi tulinyooshe, maana ndilo limemponza fundi. Mtaani tukisema gari limenoki tunamaanisha limekufa. Ngo ngo ngo, bredauni, kwaheri. Kwa watu wa kutuni, kunoki ni kitu cha mwanzo kabisa na mara nyingi masikio hayakisikii. Plagi inapiga cheche, moto unatembea taratibu ndani ya silinda, unaisukuma pistoni. Ikiwa hewa ni ya moto sana, au petroli ni dhaifu, au cheche imewahi mno, ule mchanganyiko ambao moto haujaufikia unalipuka wenyewe kwenye kona. Pistoni inapigwa nyundo badala ya kusukumwa. Nyundo moja pistoni inavumilia. Injini iko kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 50 kwa sekunde. Hesabu mwenyewe nyundo zinazoweza kuingia kwenye safari ya kutoka taa moja hadi nyingine.

Uwezo wa petroli kukataa kulipuka hovyo ndio unaitwa octane. Japani, ile petroli yao ya daraja la juu hairuhusiwi kuwa chini ya 96, na injini ile ilitengenezwa ikiitegemea hiyo. Petroli iliyopigwa mafuta ya taa inashuka vibaya mno. Na sisi hatuhitaji kufundishwa, neno "kuchakachua" tulilizoea kwenye mafuta kabla halijahamia kwenye kila kitu.

Sasa kazi aliyoifanya fundi. Aliweka ekzosi pana ya inchi 3, pampu ya mafuta kubwa zaidi, plagi za baridi zaidi, oili mpya. Nozeli kubwa alishaagiza lakini zilikuwa bado njiani, kwa hiyo akaacha zile za zamani, za 550 hivi. Halafu ndipo akachomeka kompyuta kwenye kontroli boksi na kuandika ramani upya. Ramani ni majedwali ya namba tu, nimeyaona, yanachosha macho: kwenye mizunguko fulani na mzigo fulani, mwaga petroli kiasi hiki, piga cheche nyuzi ngapi kabla pistoni haijafika juu, ruhusu busti hii. Alikuwa anaamka saa kumi alfajiri, anaenda kwenye kipande cha barabara ambacho sitakitaja, anakanyaga gia ya tatu, anarudi kusoma rekodi, anabadilisha namba mbili, anaenda tena. Siku nne hivyo. Busti akaiishia 1.3.

Kwenye Subaru za umri ule kuna kitu kinaitwa IAM, mi nakiita maksi. Kwenye bloku kuna sensa ndogo imefungwa kwa bolti moja, kazi yake kusikiliza kama injini inanoki. Ikiwa kumetulia, kontroli boksi inajipa 16 kati ya 16. Ikisikia nyundo nyingi inajishusha maksi na kuchelewesha cheche ili kujiokoa. Siku gari linaondoka gerejini lilikuwa na 16, rekodi ipo, tarehe ipo. Fundi akamwambia staa maneno ambayo mimi nilisikia kupitia dirishani: "Bosi, asiguse mtu mpaka nozeli zije. Hapa ulipo ndiyo mwisho wa hizi zilizopo."

Kwa nini mwisho? Hii ndiyo sehemu iliyonifurahisha kuliko zote. Nozeli ni bomba linalofunguka na kufunga. Kwenye mizunguko 3,000, silinda moja ina milisekunde 40 kati ya zamu yake na zamu inayofuata. Kwenye 7,000 inabaki na kama 17 tu. Petroli yote ya zamu hiyo lazima ipite ndani ya huo muda. Ukiongeza hewa unatakiwa kuongeza petroli, nozeli inakaa wazi muda mrefu zaidi, mpaka inafika mahali iko wazi moja kwa moja haifungi. Hapo ukiongeza busti unaongeza hewa peke yake. Na injini ya turbo iliyokanyagwa haitaki kukosa petroli hata kidogo. Kipimo cha kuungua sawasawa ni hewa 14.7 kwa petroli 1, kwa uzito, lakini chini ya busti watu wanaimwagia hadi karibu 11 kwa 1, kwa sababu hiyo ya ziada inapooza chumba. Petroli pale inafanya kazi ya maji.

Ikaja video. Mnaijua, nyimbo inapigwa hadi leo kwenye bajaji. Mwongozaji akataka gari liteme moto nyuma na kupiga risasi staa akiachia mafuta. Fundi aliombwa, akakataa. Akasema kupiga risasi ni petroli unayoiacha iende kuungulia kwenye bomba badala ya ndani ya silinda, unaichelewesha cheche makusudi, joto lote linakwenda kwenye valvu za kutolea na turbo. Magari ya mashindano yanafanya kitu cha namna hiyo ili turbo isipoe kwenye kona, ila wao wanabadilisha turbo kama sisi tunavyobadilisha soksi. Akasema subiri.

Staa hakusubiri, tarehe ya kurekodi ilishalipiwa. Chawa mmoja akamleta mtu wake, nyumbani, na kompyuta na waya. Nusu saa gari likaanza kutema moto. Walishangilia sana, ile sauti ya vigelegele kwenye video yenyewe ni ya kweli kabisa, si ya studio.

Siku nane baadaye, bredauni.

Jamani, mtu hajafungua hata boneti, tayari yuko laivu. "Huyu fundi kaniulia gari, msimpelekee." Akataja na mtaa.

Gari likaletwa palepale, limeachwa getini kama maiti isiyo na ndugu. Betri ilikuwa imechomolewa. Ukichomoa betri, zile maksi zinafutika, kontroli boksi inasahau ilichojifunza. Mimi nilisema basi, ushahidi umekwenda. Fundi akaniangalia akasema, "Dogo, maksi zinafutika. Ramani haifutiki." Akarudisha betri, akachomeka waya, akalivuta faili lililokuwa ndani, akalifungua pembeni ya lile alilolihifadhi yeye siku ya kukabidhi.

Hayakuwa yanafanana hata kidogo. La ndani lilikuwa faili la kushusha mtandaoni, la gari la mtu mwingine huko duniani lenye turbo nyingine. Busti imeandikwa 1.7. Cheche zimewahishwa nyuzi tatu, nne. Na kibaya kuliko vyote, lilikuwa limeandikiwa nozeli za 650. Mwenye hesabu atanielewa: boksi linaamini nozeli ni kubwa, kwa hiyo linazifungua muda mfupi, halafu zilizopo ni ndogo. Gawa 550 kwa 650, umekosa asilimia 15 ya petroli. Pale palipotakiwa 11 na kitu panakuwa 13 na kitu. Hewa nyingi zaidi, petroli kidogo zaidi, cheche mapema zaidi, vyote kwa mpigo. Ukitaka kuiua injini kwa makusudi sijui utaongeza nini hapo.

Kufungua kulichukua siku moja na nusu, maana injini ya Subaru ukitaka kuifungua vizuri unaitoa nje nzima. Silinda namba 4 ndiyo iliyoanza kuumia, na mafundi wa Subaru popote walipo hawatashangaa, ile ina sifa hiyo. Pistoni ilikuwa imemeguka ukingo, pale kati ya ringi na ringi, kipande kama cha ukucha. Kichwa chake kina vidoti vidogovidogo kama ukuta uliopigwa changarawe. Hizo ndizo nyundo. Beringi ya konrodi yake imelika hadi shaba inaonekana. Fundi aliishika mkononi muda mrefu bila kuongea. Kijana wake, dogo wa miaka 19 anayejifunza pale, akauliza kama wanaweza kuipiga picha waiposti. Akaambiwa fagia.

Na hapa ndipo mimi na fundi tumegombana. Wiki ile ya kwanza Forester mbili ziliondolewa gerejini kazi haijaisha, wenye nazo hawakutaka hata kurudishiwa chenji. Mwenye Mark II akatuma mtu aje na bodaboda kuchukua funguo. Mama yake alipiga simu kutoka Tanga, anauliza mwanangu unatafutwa na polisi? Yeye ana mafaili mawili kwenye kompyuta, ana rekodi za siku nne, ana pistoni mezani. Nikamwambia kaka, mwaga vyote, leo hii, mi nakuandikia. Akanijibu, "Nikianika gari la mteja mmoja, wa pili ataniletea lake kwa sababu gani?"

Nimekaa na hilo jibu, bado sikubaliani nalo. Mteja aliyekuanika mbele ya nchi nzima kashajitoa mwenyewe kwenye siri. Lakini gereji ni yake, jina ni lake. Alichoniruhusu ni hiki unachosoma, bila majina na bila picha za mafaili. Na nimwambie ukweli wake pia: kumkabidhi mtu kama yule funguo kwa maneno ya mdomo, bila karatasi hata moja, wakati anajua kabisa yule bwana anaishi kwa laiki, hapo alijiachia mlango. Sasa hivi ameandaa karatasi. Busti, aina ya petroli, nakala ya faili, saini pande zote mbili, "ramani ikibadilishwa na mwingine kazi yangu imeisha."

Staa nilimtafuta. Kwanza nikajibiwa na chawa, kwa lugha ambayo siwezi kuiweka hapa. Siku mbili baadaye akanipigia mwenyewe, saa sita usiku, sauti ya chini, hana mbwembwe. Nilitegemea ubishi. Akaniambia hivi: "Mi niliambiwa ile ni programu ya sauti tu. Haigusi injini."

Na namwamini. Wala si mwongo, na ndiyo maana nimeamua kuandika refu namna hii, kwa sababu najua wangapi kati yenu mnatumiwa hayo matangazo ya "sauti tu, dakika 20, bei chee." Hakuna boksi la sauti na boksi la injini. Ni lilelile moja, majedwali yaleyale, na aliyelifungua ili upate risasi ndiye aliyeshika pia petroli na cheche zako zote. Nilimweleza hivyo, akakaa kimya, nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Kwa hiyo nifanyeje, niifute ile laivu?"

Aliifuta. Kuomba radhi hajaomba, na vipande vya ile laivu vinaendelea kuzunguka kwenye kurasa za watu, huko hana mamlaka nako. Yule mtu wa kompyuta na waya kabadilisha jina la ukurasa wake, bado anapiga kazi. Injini ya mtumba ya aina ile staa kaambiwa kama milioni 10 kabla ya kufunga, na gari bado liko getini kwa fundi, limefunikwa turubai, watoto wanachezea kombolela nyuma yake.

Forester moja imerudi, mwenyewe kaja kimya kimya na kasaini karatasi. Juzi jioni nilikuwa pale wakati simu ya fundi inalia. Ujumbe kutoka kwa staa, maneno manne: "Fundi, bado unafunga Subaru?" Fundi kasoma, kanionyesha, kairudisha simu mfukoni, kaingia chini ya Forester. Mpaka naandika hapa hajajibu.